Walidhani Ni Ubunifu

Sehemu ya Saba

Mlioanza nami tangu mwanzo mnajua nimefika wapi. Mlioingia leo nitawaeleza kwa kifupi, maana hata mimi nimechoka kuyarudia.

Mimi ni mwimbaji. Jukwaani naitwa Chiriku, jina nililopewa kwa sababu ya sauti nyembamba iliyokuwa ikipanda juu mpaka watu wanasimama kwenye viti. Kwa miaka kumi na minne bendi yetu imekuwa ya watu wanne: mimi, kaka yangu wa tumbo moja kwenye gitaa, mume wangu kwenye kinanda, na mpiga ngoma tunayemwita Dobi, kwa kuwa anazipiga kama anafua mablanketi. Mume wangu aliwahi kufundisha shule, kwa hiyo dunia nzima inamwita Mwalimu. Hata mimi.

Mwaka jana sauti ikaanza kunitoroka. Mwanzo ilikataa kupanda asubuhi tu. Baadaye ikakataa kupanda kabisa. Sikumwambia mtu. Nilisimama mbele ya wenzangu nikasema muziki wetu umechakaa, tubadilishe mtindo: tupunguze mwendo, niimbe chini chini, nusu kuimba nusu kuzungumza.

Walidhani ni ubunifu.

Kaka peke yake alikataa. Gitaa lake lilikuwa la kukimbia na kuchekacheka, halikuwa na mahali katika mtindo ule. Tukapiga kura, watatu kwa mmoja. Akafunga gitaa lake akaondoka, na wimbo wetu wa kwanza wa mtindo mpya ukapendwa kuliko chochote tulichowahi kutoa.

Kuna mama ameandika barua kwa mhariri akisema mimi ni mwanamke mwongo asiye na haya. Mama, hujakosea. Ila haya ninayo. Soma tu, utaiona.

Wiki iliyopita niliishia pale mlango wa chumba chetu cha mazoezi ulipofunguka, miezi mitatu baada ya kura ile, na aliyesimama mlangoni alikuwa kaka yangu, gitaa mgongoni.

Dobi ndiye aliyefungua mdomo kwanza.

"Shikamoo, kaka. Umekuja kwa heri au kwa shari?"

"Marahaba. Kwa heri."

Aliingia akakaa juu ya spika mbovu tunayoitumia kama kiti. Alikuwa amekonda. Shati lilikuwa limepigwa pasi vizuri, kama la mtu anayekwenda kuomba kazi.

Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Kwa miezi mitatu nilikuwa nikiyatunga mwenyewe, matusi ambayo angenitukana na majibu ambayo ningempa. Sikupata nafasi ya kutumia hata moja.

"Nimekuja kuwaomba msamaha," Kaka akasema.

Nikameza mate. Siku hizo kumeza mate ilikuwa kazi.

"Ule wimbo wenu," akaendelea, "mara ya kwanza nilizima redio. Mara ya pili nikauacha ufike katikati. Sasa hata sijui nimeusikiliza mara ngapi. Mdogo wangu, wewe uliona mbali. Mimi nilikuwa nimeng'ang'ania ya zamani kwa ukaidi tu."

"Kaka..." nikasema.

"Ngoja nimalize. Nisipomaliza leo sitaweza siku nyingine."

Akafungua mfuko wa gitaa. Dobi akainama kutazama, akaguna.

"Mbona nyuzi ni nne? Mbili zimekatika?"

"Nimezitoa. Zile nyembamba. Nikiziona tu, mkono unakwenda wenyewe huko juu. Mkono una mazoea mabaya. Nikaona dawa yake ni kuzitoa kabisa."

Kisha akapiga. Alipiga wimbo wetu mpya tangu mwanzo mpaka mwisho, kwa zile nyuzi nne nene, taratibu, bila kukosea hata mara moja. Alipiga kama mtu anayepita chumba ambacho mtoto mchanga amelala. Yule mtu ambaye zamani akishika gitaa ni kama amerudi nyumbani na habari njema.

Alipomaliza hakuwatazama wenzangu. Alinitazama mimi.

"Nimejitahidi?"

Mwalimu alikuwa nyuma ya kinanda akikifuta kwa kitambaa, ingawa hakikuwa na vumbi.

"Mwenye wazo ni yeye," akasema bila kuinua uso. "Aamue yeye."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Nilikuwa na watu wote chumbani, mlango umefungwa, mchana kweupe. Lakini mtu ukishakaa na uongo miezi mingi, unakuwa kama fanicha nzito. Unajua unapaswa kuuhamisha, ila ukifikiria mgongo wako unasema kesho.

"Karibu," nikasema.

Neno moja tu, na hilo nalo lilitoka na mikwaruzo.

Kaka akacheka kwa furaha, akampiga Dobi begani. "Umesikia? Hata akisema karibu tu, tayari ni wimbo!"

Jumatatu nilikwenda kwa daktari wa koo.

Ni mama wa makamo, mwembamba, asiyependa maneno mengi. Alinipitishia mrija mwembamba puani, akaniambia niseme "iii," kisha akageuza kioo cha mashine nione mwenyewe.

"Unakiona?"

Nilikiona. Kinundu cheupe kama punje ya mchele iliyoloa, kimekaa pembeni mwa uzi wa sauti.

"Ulipokuja mara ya kwanza kilikuwa nusu ya hiki. Nilikwambia unyamaze wiki sita. Ulinyamaza?"

"Nilipunguza."

"Sikukuuliza kama ulipunguza."

Nikatazama viatu vyangu.

"Sasa hakitaondoka kwa kunyamaza," akasema. "Ni upasuaji. Alhamisi kuna nafasi, mtu mmoja ameahirisha."

"Nikisubiri kidogo?"

"Kitazidi kuwa kigumu. Siku moja utaamka huna sauti ya juu wala ya chini."

"Na nikikubali?"

"Utakaa kimya, safari hii kimya cha kweli. Halafu mazoezi, miezi miwili mitatu. Siwezi kukuapia, lakini nimewaona wengi. Sauti yako itarudi. Yote, pamoja na hiyo ya juu uliyokuja kuililia hapa."

Mtu mwingine angeshuka kwenye kile kiti akamkumbatia. Mimi nilikaa kama niliyesomewa hukumu. Hapo ndipo nilipojigundua: nilikuwa nimekwenda pale nikiombea niambiwe haiwezekani.

"Na hii ya sasa, daktari? Hii ya mikwaruzo?"

"Hiyo ni ugonjwa. Itaondoka na kinundu."

"Watu wanaipenda."

Akaacha kuandika. Akavua miwani.

"Macho ya mwenye homa nayo yanang'aa, mama. Tumwache na homa yake?"

Muuguzi akaniletea fomu ya upasuaji, iwe tayari nikikubali. Nikaijaza harakaharaka bila kufikiri, nikairudisha. Daktari akaipiga muhuri, akasema anataka jibu langu kesho kabla ya saa kumi jioni. Baada ya hapo nafasi anampa mwingine.

Nyumbani nilimkuta Mwalimu mezani, anaandika mpangilio wa nyimbo za Jumamosi. Jumamosi ilikuwa onyesho letu kubwa la kwanza kwa mtindo mpya, na baada yake safari ya miji mitatu.

"Umetoka wapi?"

"Kwa Mama."

"Mama amepiga simu sasa hivi anakuulizia."

Nikatundika mkoba. "Nilipita sokoni kwanza. Sijafika kwake."

Akaendelea kuandika. Nikajiambia: huyu mwanamume ananiamini mno, Mungu anisamehe.

Jumanne mchana tulikutana mazoezini. Chumba chetu kiko ghorofani, juu ya karakana ya makabati, na ukutani tumetundika magodoro makuukuu ili tusiwasumbue mafundi wa chini, ingawa wao misumeno yao inatusumbua kutwa.

Dobi alikuja na wazo.

"Sikilizeni. Jumamosi tusianze na mpya. Tuanze na ule wimbo wetu wa kwanza kabisa, ule ule, kama ulivyokuwa. Watu hawajui kama Kaka amerudi. Taa zinawaka, anaonekana yeye, anaanza kupiga. Halafu Chiriku anaingia kule juu kwake. Wallahi watu watalia. Wakishalia ndipo tunawashusha kwenye mtindo mpya."

"Si mbaya," Mwalimu akasema polepole. Alisema huku ananitazama.

"Mimi sina neno," Kaka akasema, lakini mikono yake ilikwishaanza kupekua mfuko wa gitaa. Akatoa bahasha ndogo. Ndani zilikuwemo nyuzi mbili nyembamba, mpya. "Nilizibeba tu," akasema kwa aibu. "Huwezi kujua."

Nilimtazama akizifunga. Ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo, kama alivyokuwa akifanya tukiwa watoto akitengeneza baiskeli. Akakaza, akasikiliza, akakaza tena. Kisha akaanza.

Jamani, kaka yangu!

Chumba kilibadilika. Mafundi wa chini wakazima msumeno. Vidole vilikuwa vinakimbizana juu ya zile nyuzi mbili kama vilikuwa vimefungiwa ndani miezi mitatu na sasa mtu amefungua mlango. Dobi akaanza kufua mablanketi yake. Mwalimu akaingia chini yao kwa kinanda, kimya kimya, pale pale alipokuwa akikaa siku zote.

Gitaa huzunguka mara nane, kisha naingia mimi. Mwili wangu ulikumbuka. Kifua kikajaa hewa, kidevu kikainuka. Mzunguko wa nane ukafika.

Nikauacha upite.

Kaka akatabasamu, akazunguka tena. Alifikiri nachezea muda. Mzunguko wa nane ukafika tena. Nikauacha upite. Dobi akanikonyeza. Kaka akaanza mara ya tatu, na simu yake ikalia mfukoni mwa shati.

Kwa kawaida asingeipokea. Lakini labda alinionea huruma kwa kunipa nafasi ya kujiandaa, maana alisimamisha gitaa kwa kiganja, akapokea.

"Haloo. Ndiyo, ndiye mimi. Ndiyo, ni mdogo wangu." Akacheka kidogo. "Upasuaji wa nani?"

Nikazima maiki.

Ile fomu. Walitaka namba ya simu ya ndugu, nami kichwani nina namba moja tu, ya kaka yangu, kwa kuwa hajaibadilisha tangu anunue simu yake ya kwanza. Ya mume wangu iko kwenye simu, nabonyeza jina. Sijawahi kuikariri.

"Nafikiri mmekosea," Kaka alikuwa akisema. "Mdogo wangu ni mzima, namwona hapa." Akasikiliza. Akasikiliza kwa muda mrefu, na nikamwona anavyozeeka. "Koo," akasema. "Sawa. Robo saa. Nitamuuliza."

Akaiweka simu juu ya ngoma ya Dobi.

"Wanasema ulipaswa kuwajibu leo. Watapiga tena baada ya robo saa. Wanataka kujua kama unakwenda Alhamisi au nafasi wampe mtu mwingine." Akavuta pumzi. "Nafasi ya nini, Chiriku?"

Kaka yangu haniiti Chiriku. Hilo ni jina la mabango.

Nikasema. Nilisimama pale pale mbele ya maiki iliyozimwa nikayasema yote: asubuhi ya kwanza sauti ilipokataa, daktari, wiki sita nilizoambiwa ninyamaze nikaimba, mtindo mpya niliouzua ili nipate mahali pa kujificha. Niliyasema kwa sauti ile ile ya mikwaruzo, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeisifu.

Dobi alianza kwa kucheka. "Acha utani, dada." Alipoona sicheki, akaweka fimbo zake chini.

"Kwa hiyo mimi," akasema, "miezi yote hii napiga ngoma kama nabembeleza mtoto, watu wananiuliza nimeipata wapi staha ile, nawaambia ni sanaa, ni ukomavu. Kumbe tulikuwa tunauguza mgonjwa."

Kaka hakucheka.

"Nikuulize moja tu. Siku ile uliposema gitaa langu limepitwa na wakati. Uliamini?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Lilikuwa linakwenda mahali ambapo mimi sifiki tena. Kila ukipiga lilikuwa linaniita, na siwezi kwenda. Nilitaka linyamaze."

Akatazama vidole vyake. Nilitamani angepiga kelele. Hakupiga.

"Nilikaa jikoni kwangu nikazitoa zile nyuzi," akasema. "Wifi yako akaniuliza unafanya nini. Nikamwambia nimegundua nilikuwa napiga vibaya maisha yangu yote."

Mtu akikutukana unaweza kumjibu. Mtu akikuambia jambo kama hilo, unajibu nini?

Nikageuka kwa mume wangu.

"Mwalimu, nisamehe. Wewe ndiye niliyepaswa kukuambia wa kwanza."

"Nilikuwa najua," akasema.

Chini msumeno ukawashwa tena, ukazimwa.

"Tangu lini?" Hilo lilikuwa swali la Kaka. Mimi nilikuwa natafuta mahali pa kukaa.

"Tangu kabla ya kura. Niliokota karatasi ya dawa mfukoni mwa koti lake. Na hata bila karatasi, shemeji, mimi nalala na huyu. Mtu anaamka anasukutua maji ya chumvi bafuni, amefungua bomba ili nisisikie. Nisisikie? Kazi yangu ni kusikia."

"Ulijua dada yangu anaumwa. Ukainua mkono mimi niondoke."

"Nilimngoja aniambie. Nilisema ataniambia kesho. Kesho ikawa wiki. Halafu tukaanza kupiga huo mtindo wake..." Akagusa kinanda, hakukibonyeza. "Shemeji, miaka kumi na minne nimekaa nyuma ya gitaa lako. Mwulize mtu yeyote huko nje kama bendi yetu ina kinanda, atafikiri kwanza. Huu wimbo mpya, watu wanaimba kinanda. Maneno hawayajui, wanaimba kinanda kwa midomo. Juzi nimemsikia fundi mmoja hapo chini anapiga randa huku anauimba, hajui mwenyewe niko juu ya kichwa chake. Nikakaa hapa nikalia kama mjinga."

Nilimwamini. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Nimeishi naye miaka yote hiyo nikamsikiliza kila siku, na sikuwahi kujua kwamba alitaka kusikika.

"Jana," nikasema, "uliponiuliza nimetoka wapi."

"Nilikuwa nakupa nafasi."

"Ungeniambia neno moja tu, Mwalimu. Najua. Basi."

"Na wewe ungeniambia moja."

Nilitafuta hasira ndani yangu nikakuta uchovu mtupu. Sisi wawili tulikuwa tumelala kitanda kimoja, kila mtu amekumbatia siri ile ile, tukigeuziana migongo kwa adabu.

"Sasa ni hivi," Mwalimu akasema, na sauti yake ikawa ya darasani. "Yaliyopita yamepita. Jumamosi tupande jukwaani kama tulivyopanga, kwa mtindo mpya. Tumalize ile miji mitatu. Ni miezi miwili tu. Kisha aende hospitali kwa raha zake, na mimi mwenyewe nitampeleka."

"Daktari amesema nini?" Kaka akaniuliza.

"Kwamba siku moja nitaamka sina sauti kabisa."

"Siku moja," Mwalimu akasema. "Hakusema lini."

Kaka alisimama ghafla, gitaa likagonga spika. Sijawahi kumwona amemkunjia ngumi mtu yeyote. Dobi akaruka kutoka nyuma ya ngoma zake, mwili mzima, akasimama katikati yao.

"Haya, haya, haya! Wazee wazima! Mnagombania koo la mtu, na mwenye koo kakaa hapo. Mmemwuliza?"

Wote wawili wakanigeukia. Na simu ikalia juu ya ngoma, ikitetemeka mpaka ngoma nayo ikaitikia.

Hakuna aliyeinyanyua. Nikaenda nikaichukua mwenyewe.

"Haloo, ni yule kaka?" Sauti ya muuguzi ilikuwa kubwa, simu ya Kaka imeharibika kidogo, kila mtu alikuwa anamsikia.

"Ni mimi mgonjwa."

"Eh, dada, kweli koo limekukamata. Haya, Alhamisi saa mbili asubuhi, usile kitu. Unakuja au huji? Nina mtu hapa anaisubiri hiyo nafasi."

Nikawatazama. Nikipona, gitaa litarudi mbele, na Mwalimu atarudi kule nyuma ambako hakuna anayemsikia. Nisipokwenda, kaka yangu atazitoa tena zile nyuzi, na safari hii atazitoa akijua sababu. Kwa vyovyote vile kuna mtu nitamnyamazisha. Nilikuwa nimeona kwamba jambo hili ni langu peke yangu, kumbe koo langu lilikuwa njia ya watu wawili.

Sitawadanganya, nimewadanganya watu vya kutosha. Sikuamua kwa ajili ya muziki, wala kwa ajili ya haki ya kaka yangu. Nilikuwa nimechoka. Nimechoka kumeza mate kwa hesabu, nimechoka kufungua bomba la bafuni.

"Ninakuja," nikasema.

Kaka akakaa chini taratibu. Mwalimu hakutikisika.

"Vizuri sana," muuguzi akasema. "Uje na mume wako."

"Nitakuja na kaka yangu."

"Hapana, dada. Hapa ndugu wa karibu umemwandika mume. Namba ya simu ni ya kaka, lakini jina ni la mume. Aliyeandikwa ndiye anayesaini, mbele ya daktari, kwa mkono wake."

"Nikibadilisha jina?"

"Fomu imeshapigwa muhuri, na daktari mwenyewe hayupo mpaka hiyo Alhamisi asubuhi. Asiposaini, hatukuingizi ndani. Tulishawahi kupata kesi kwa ajili ya mambo hayo hayo. Aje mume tu, jamani, ni saini moja. Mume wako ana shida gani?"

Nikamtazama Mwalimu.

"Haya, Alhamisi," akasema, akakata.

Nikamrudishia Kaka simu yake. Hakuna aliyehitaji kurudia yaliyosemwa.

Mwalimu alichukua kile kitambaa chake, akakikunjua, akakitandika juu ya kinanda, akanyoosha pembe moja moja. Akachukua koti. Akapapasa mfuko wa shati, kalamu yake ilikuwepo, akaisukuma ndani zaidi.

"Mume wangu," nikamwita.

Sijui ni miaka mingapi sijamwita hivyo mbele ya watu. Alisimama akanipa mgongo, mkono kwenye kitasa.

"Utasaini?"

Hakugeuka. Nilimsubiri kama nilivyozoea kumsubiri jukwaani anipe sauti ya kuanzia.

"Niacheni nifikiri," akasema, akatoka.

Tukasikia viatu vyake kwenye ngazi za chuma, vinashuka. Moja, nyingine, nyingine. Kisha vikasimama katikati.

Kaka akaniangalia. Hakuna aliyethubutu kwenda dirishani. Viatu havikushuka, havikupanda. Dobi akanyoosha mkono, akazima feni, tusikie vizuri.